Chungwa la Mapumziko

Juzi mjukuu wangu alimenya chungwa kwa vidole, akayaacha maganda juu ya hita ya umeme, akaenda zake kuchezea simu. Mimi nilikuwa jikoni nakosha vyombo. Harufu ilipoanza kunifikia, ile harufu ya ganda la chungwa linaloungua taratibu, nilivuta kiti nikakaa na mikono yangu imejaa povu. Mtoto akaja kuniuliza, kwa Kiingereza chake, kama naumwa. Nikamwambia siumwi, akaondoe yale maganda. Akanijibu kwamba ni chungwa tu, Bibi, mbona hivyo.

Ni kweli, ni chungwa tu. Lakini arubaini ya Baba tumeisoma mwezi huu, na siku ile ukumbini nilifanya jambo ambalo tangu hapo chakula hakinipiti vizuri. Wenzangu mliokulia London kipindi kile, mliovalishwa masweta mawili mkiwa bado mnanuka mafuta ya nazi, labda mtanielewa. Wengine mnisamehe kwa maneno mengi.

Maisha yangu yote nimekuwa shabiki wa timu moja, na timu yenyewe haipo tena. Iliitwa Nyota ya Visiwa, sisi wenyewe tukiiita Nyota. Ilikuwa timu ya wanaume wa Unguja na Pemba waliokimbilia huku baada ya mapinduzi, kila mmoja na sababu yake na sanduku lake moja. Kwao walikuwa makarani na walimu, na mmoja alikuwa bwana forodha. Hapa walisukuma vitanda vya wagonjwa hospitali na kukata tikiti ndani ya mabasi. Jumapili mchana walivaa jezi za kijani alizozishona Mama kwa kitambaa cha mapazia kutoka soko la Walthamstow, wakaenda kufungwa mabao kwenye viwanja vya bondeni upande wa Tottenham, mahali ambapo upepo wa mtoni haumjui mgeni wala mwenyeji.

Baba ndiye aliyeianzisha. Unguja alikuwa mwalimu mkuu wa skuli, mtu ambaye akipita barabarani watoto huacha mchezo. London alikuwa akipanga barua posta, na msimamizi wake, kijana asiyefika hata miaka thelathini, alimwita kwa jina la kwanza. Lakini Jumapili, pembeni ya uwanja, na koti lake refu na tai yake, watu wazima kumi na mmoja walimwita Mwalimu, na akinyoosha mkono kushoto wote walikimbilia kushoto. Sasa ndiyo naelewa kwamba alichokuwa akikilinda pale si mpira.

Nilikuwa mtoto pekee, na kwa kuwa Baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kumchukua, alinichukua mimi. Bibi, mama yake Baba, alilalamika kila Jumapili kwamba mtoto wa kike hapelekwi penye wanaume wenye mapaja wazi, na kila Jumapili alinifunga skafu mwenyewe nisije nikapata kifua. Nilikuwa na daftari la skuli lenye jalada la buluu. Humo niliandika kila mechi: tumecheza na nani, kama kulikuwa na mvua au ukungu, nani kafunga, na refa ametuonea vipi. Refa alituonea kila wiki. Wachezaji wakaniita Katibu, na mimi nikaupokea ukatibu ule kama nimechaguliwa na taifa zima.

Msimu wa kwanza tulifungwa tangu majani yalipopukutika mpaka yalipochipua tena. Kipa wetu alikuwa hodari wa kusoma kasida na mwoga wa mpira. Alivaa kofia ya sufu na glavu za Bibi, na mpira ukija kwa kasi alikuwa akiupisha kwa heshima. Tope la London lilinyonya viatu vyao. Wazungu waliocheza nao walikuwa mafundi na wapakiaji mizigo, watu wenye shingo nene, na mechi ikiisha waliwapa wetu mikono na kuwapigapiga mabegani kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniudhi kuliko mabao. Nilikuwa nikirudi nyumbani nalia ndani ya basi, na Baba ananiambia, "Futa machozi, Katibu. Andika."

Nilikuwa na sababu ya kulia ambayo sikumwambia mtu. Nyumbani kwetu wazee walipokutana, baada ya chai ya pili, hawakukosa kusema kwamba siku tutakaposhinda, tutarudi kwetu. Walikuwa wakizungumza siasa, serikali, mambo yao wenyewe. Mimi nilidhani wanazungumza Nyota. Nilichukulia kwamba kuna kombe fulani, na timu ikilibeba, sote tutafungasha na kurudi Unguja, kwenye nyumba yetu yenye baraza, na paka wangu aliyeachwa kwa jirani. Kwa hiyo kila bao tulilofungwa lilinirudisha nyuma, na hakuna aliyeweza kuelewa kwa nini mtoto wa miaka saba anashindwa kula kwa sababu ya mechi ya mchangani.

Msimu wa pili akaja Mjomba Hemedi.

Hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa kijana wa mtaa mmoja na Mama, wamekua pamoja, na Mama alimwita kaka, basi kwangu akawa mjomba. Alifika kwetu mwanzoni mwa baridi na kikoti chepesi cha kuchekesha, akapewa chumba cha juu nyuma, na kazi akapata kiwanda cha mikate, shifti ya usiku. Alikuwa mwembamba, mwenye meno meupe na utani usiokwisha. Alikuwa hana mkono wa kazi ndogondogo: hawezi kuchemsha yai, wala kumenya tunda. Baba akimaliza kula humenya chungwa kwa kisu chake kidogo cha mfukoni, kwa namna ya wauza machungwa wa kwetu, ganda linatoka jembamba, utepe mmoja mrefu usiokatika, kisha anakata kifuniko juu na kukiacha kimeshikilia mwishoni mwa utepe kwa kijisehemu kidogo, ili mtoto aweze kufungua na kufunga. Kile kifuniko cha kufungua na kufunga ni chake Baba peke yake. Sijakiona kwa mtu mwingine hata leo. Mjomba Hemedi alikuwa akinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, na mimi mtoto wako. Mimi ni wa kumenyewa."

Lakini mguu wake wa kushoto, jamani. Jumapili ya kwanza alisimama kwenye lile tope kama amezaliwa nalo. Alikimbia pembeni, akakata ndani, na wale wenye shingo nene wakabaki wanatazamana. Tukashinda. Niliandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini mpaka karatasi ikatoboka. Tukashinda na iliyofuata. Kipa akapata moyo, akaanza kuudaka mpira badala ya kuupisha. Msimu ule tulimaliza wa tatu kutoka juu, uliofuata tukapanda daraja, na watu ambao hawakuwa wakija uwanjani wakaanza kuja, na wake zao, na birika za chai. Ushabiki ni kitu cha ajabu. Timu ikifungwa ni yako peke yako, ikishinda huoni hata pa kusimama.

Msimu wa daraja la juu hatukuuweza. Huku wachezaji watatu wanabadilishiwa shifti, huku mmoja kavunjika kifundo, tukaanza kuporomoka tena. Kilichobaki kilikuwa kombe. Nasema kombe, lilikuwa kikombe cha mitaa ile tu, nadhani lingeingia ndani ya mkoba wa Mama. Lakini lilikuwa kombe, na mimi nilijua maana yake. Tukavuka raundi ya kwanza, tukavuka ya pili, tukafika robo fainali, na robo fainali ikaangukia ndani ya Ramadhani.

Ramadhani ya baridi ya London ni fupi. Jua linazama kabla ya saa kumi mchana. Bibi mwaka wa kwanza alikataa katakata. Alisema tangu azaliwe Magharibi ni saa kumi na mbili na kitu, na kwamba hilo giza la saa kumi ni mawingu tu ya makafiri. Wenzake wanakula, yeye amekaa na tasbihi yake mpaka saa kumi na mbili na nusu, anatutazama tunavyojiangamiza. Ilibidi Sheikh Mbarouk, aliyekuwa akituongoza sala katika chumba chake cha mbele, aje mwenyewe kumbembeleza.

Mwaka ule nilitaka kufunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo nilikuwa nafunga nusu siku, funga ya watoto. Mjomba Hemedi akaniambia, "Tufunge pamoja Jumapili. Mimi nacheza, wewe unaandika, sote matumbo matupu. Mungu akiona hivyo atatunyima?" Tukapeana mkono. "Ukilegea nitajua," akasema. Na mimi nikamwambia, "Na wewe ukilegea nitajua."

Siku yenyewe ilikuwa kavu na baridi ya kukata masikio. Mjomba alikuwa ametoka shifti asubuhi, na daku hakula, kazi ilimbana. Nilimsikia akimwambia Mama. Mechi ilianza saa nane. Tulikuwa tukicheza na wapakiaji mizigo wa bandarini, na hadi mapumziko walikuwa wametufunga moja. Mjomba alikuwa akikimbia kama mtu aliye ndani ya maji. Mara mbili nilimwona akishika magoti.

Wakati wa mapumziko wale wenzetu waligawana vipande vya machungwa, ndiyo ada yao, vipande vinne vinne ndani ya ndoo. Wetu walikaa chini tu, wakapiga dua. Harufu ya yale machungwa ilikuja na upepo na mate yakanijaa kinywani. Nikaogopa hata kuyameza yasije yakaharibu funga. Nikaondoka kuikwepa ile harufu. Nilipokaribia kibanda cha kuvalia nguo nilipishana na Baba anatoka nyuma yake, anapangusa mikono kwa leso. Nilidhani alikwenda kujisaidia. Akaniambia nisikae kwenye upepo.

Nyuma ya kibanda, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa Mjomba Hemedi, na chungwa mdomoni.

Alikuwa akilinyonya amefumba macho. Alipoyafumbua akaniona. Hakuruka, hakuficha. Alikaa na lile chungwa mkononi, maji yanamchuruzika kidevuni, akasema taratibu, "Katibu. Hii usiiandike." Kisha filimbi ikalia akaondoka mbio. Pale chini palibaki ganda. Nililiokota nikalitia mfukoni mwa koti, kwa ushahidi.

Kipindi cha pili Mjomba alifunga mawili. Moja kwa mguu, moja kwa kichwa, na la pili lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaandika. Watu walirukaruka na birika zao. Mimi sikuruka. Nilikuwa na miaka kumi, njaa inaniuma, midomo imepasuka, na mtu niliyempenda kuliko wote baada ya wazazi wangu alikuwa amenidanganya. Filimbi ya mwisho na Magharibi vilikuja pamoja. Wachezaji wakasimama duara, Baba akagawa tende, wakasema Bismillahi, na Mjomba Hemedi naye akachukua tende yake akasema Bismillahi na wenzake. Nilimtazama akiitafuna mpaka akaimeza.

Jioni ile futari ilikuwa kwetu. Bibi alipika mbatata za nazi na uji wa pilipili manga, na chumba kilijaa wanaume mpaka kwenye ngazi. Sheikh Mbarouk alikaa karibu na moto wa makaa, Baba upande wake mmoja na Mjomba Hemedi upande wa pili.

"Mwalimu," Sheikh akasema, "miye nshaona mengi. Lakini vijana kucheza mpira na saumu, baridi hii! Hemedi, Mungu akuzidishie. Watoto wetu huku wanataka mfano kama wewe."

"Amina," Bibi akaitikia kutoka mlangoni. "Na huyu mjukuu wangu kafunga leo siku nzima, kwa kumwiga Hemedi."

Wote wakanigeukia wakicheka kwa upendo. Mjomba akasema, "Katibu wangu huyo."

"Yeye hakufunga," nikasema.

"Nini, mwanangu?" Mama akauliza.

"Kala chungwa. Wakati wa mapumziko, nyuma ya kibanda. Nimemwona."

Nadhani nilitaka mtu aseme si kweli. Hakuna aliyesema. Sheikh aliweka kikombe chini. Bibi alishika kifua. Na Mjomba Hemedi hakunitazama mimi kabisa, alimtazama Baba. Alimtazama kama alivyomtazama kila Jumapili kutoka uwanjani, akingoja aambiwe aende kushoto au kulia. Mimi niliona ni aibu. Nilisema moyoni, anaomba msamaha kwa macho.

Baba akauliza, kwa sauti yake ya skuli, "Hemedi. Anayosema mtoto ni kweli?"

Mjomba aliendelea kumtazama.

"Kweli, Mwalimu."

"Basi Nyota haina nafasi yako," Baba akasema. "Wala nyumba hii."

Mama alilia kule jikoni, akamwambia Baba kwamba yule ni ndugu yake na nje ni baridi, na kwamba hata Mungu ameruhusu kulipa funga. Baba akamwambia asimfundishe dini. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Sheikh Mbarouk akasema maneno ambayo baadaye yalikuwa yakirudiwa katika kila nyumba: kwamba mwadilifu ni yule anayejikata mkono wake mwenyewe.

Mjomba Hemedi aliondoka kesho yake asubuhi, na sanduku lake, na koti ambalo Mama alimnunulia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Alipita, akasimama.

"Ulifunga yote?" akaniuliza.

"Nilifunga."

"Basi umenishinda," akasema, akafungua mlango.

Nusu fainali tulicheza bila yeye. Sitaki kuandika matokeo. Yamo ndani ya daftari na yanatosha humo. Kombe likaenda kwa watu wengine, na usiku huo nilimwambia Mama kwamba sasa hatutarudi tena Unguja, kosa ni la Mjomba Hemedi. Mama alinitazama kama sizungumzi lugha yake.

Kisha ikaja Iddi. Wageni walijaa, Mama akaweka bakuli la machungwa, na Baba akatoa kisu chake akaanza kuwamenyea. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu tayari kwenda kwa watu, mikono mfukoni, na vidole vyangu vikagusa kile kitu kikavu. Nilikuwa nimelisahau. Nikalitoa. Lilikuwa limekauka gumu kama ngozi ya kiatu, utepe mmoja mrefu, jembamba, halikukatika mahali popote, na mwishoni mwake kile kifuniko, kimeshikilia kwa kijisehemu kidogo.

Mezani mbele ya Baba palikuwa na utepe mwingine, wa dakika ile ile, na kifuniko chake.

Sikufikiria. Mtoto hafikirii mambo kama hayo, anayaona tu yamesimama. Nilingoja wageni watoke, nikaenda nikaliweka lile kavu kando ya lile bichi. "Baba," nikasema, "hili la siku ile."

Baba aliyatazama yote mawili. Nilimwona akiwaza, kwani nilikuwa nikiujua uso wake kama ninavyoijua saa ya ukutani. Nilidhani atasema kitu chochote, kwamba alimhurumia, kwamba Mjomba angezirai. Ningekubali. Wallahi ningekubali lolote. Akalichukua lile ganda kavu, akaliinua kwa vidole viwili, akalitia ndani ya moto wa makaa. Liliwaka na kujikunja, na chumba chote kikajaa ile harufu.

"Kuna mambo," akasema, "katibu haandiki."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ukubwani watu huisema methali hiyo kwa marafiki na washirika wa biashara. Mimi niliijua maana yake kwa baba yangu mzazi, siku ya Iddi, nimevaa koti zuri. Na bado nilimpenda. Nilimpikia mpaka amekufa. Lakini tangu siku ile, kila alipomenya chungwa mbele yangu alilikata ovyo, vipande vipande, na mimi sikumwomba tena.

Nyota iliishi misimu miwili zaidi. Tulishuka daraja, halafu tukashuka tena. Watu wakaanza kuondoka, wengine Maskati, wengine Dubai, na Jumapili moja tulipata wachezaji wanane tu, refa akakataa kupuliza. Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Hapakuwa na ugomvi wala kwaheri.

Kilichoishi ni hadithi. Kwa zaidi ya miaka hamsini, palipotajwa jina la Baba, palitajwa na kisa cha kijana aliyekula mchana wa Ramadhani, mchezaji wake bora, na jinsi Mwalimu alivyomfukuza bila kupepesa macho. Alipewa heshima kwa kisa hicho. Aliozesha watu, alisuluhisha waliogombana. Na mimi nilikuwa pale nikigawa chai.

Siku ya hitima ya arubaini ukumbi ulijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa na upenyo, na kwenye upenyo ule nikamwona mzee mwembamba mwenye mkongojo, amekaa safu ya mwisho ya wanaume. Nilimjua kwa meno. Baadaye niliambiwa anaishi Rayners Lane na binti yake, na ameishi huko miaka yote hiyo, treni mbili tu kutoka kwetu.

Mtoto wa marehemu Sheikh Mbarouk akasimama kumtaja Baba kwa wema, na bila shaka alianza na kile kisa. Alikisimulia vizuri, hata ile sauti ya skuli ya Baba akaiiga. Kijana alikula, alisema, akidhani hakuna anayemwona, lakini Mungu alimtuma mtoto mdogo. Watu wakasema Allahu Akbar. Mzee mwenye mkongojo aliinamisha kichwa, akawa anautazama mkono wake.

Mwanamke aliyekaa kando yangu akanigusa. "Huyo mtoto si wewe? Hebu tuambie, huyo kijana alikuwa nani?"

Nilikuwa nimesubiri swali hilo tangu nikiwa na miaka kumi. Kulikuwa na maiki, kulikuwa na watu wote, na mwenyewe alikuwa hai, hatua ishirini kutoka nilipokaa.

"Nilikuwa mdogo," nikasema. "Sikumbuki."

Hitima ilipokwisha nilimwahi yule mzee nje, kituo cha basi. Nikamwambia shikamoo, Mjomba. Akanitazama kidogo kisha uso ukafunguka.

"Marahaba, Katibu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza vibaya, kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake.

"Nilikuwa naona kiza," akasema. "Baba yako akanambia, kula, dhambi juu yangu. Akalimenya mwenyewe, akanitia mkononi." Akacheka kidogo. "Na miye nkadhani dhambi zote. Kumbe ile ya Mungu tu. Hii ya watu nilibeba mwenyewe."

"Hukumdai?"

"Aliniletea habari kwa mama yako: nisubiri, Iddi ikipita atanisafishia jina. Iddi zimepita nyingi." Basi lake likawa linakaribia. "Lile daftari unalo bado?"

"Ninalo."

"Siku ile uliandika nini?"

Nikamwambia. Niliandika: *Tumeshinda. Mjomba Hemedi alikula chungwa.*

"Si uongo," akasema. "Nililila. Tena lilikuwa tamu." Akapanda basi, akakaa upande wa pili, sikumwona tena.

Leo asubuhi nimelitoa lile daftari la buluu, na chini ya mstari ule wa penseli nimeongeza mstari kwa kalamu. Kisha nikaona kwamba kuandika mahali asiposoma mtu ni kama kulitia motoni. Kwa hiyo naandika na hapa, mbele yenu mliokuwa ukumbini na mliosema Allahu Akbar. Mjomba Hemedi alifunga mabao mawili. Chungwa lile lilimenywa na baba yangu, na mimi nilijua.